Minyoo ya Bwana Harusi

Niliporudi Unguja kutoka masomoni Ulaya, miaka ya hamsini, niliitundika diploma yangu ya maabara ukumbini kabla sijafungua sanduku. Mtoto wa muuza mihogo nilikuwa nimerudi na hadubini yangu mwenyewe. Nani mwingine mtaani alikuwa nayo?

Wiki hiyohiyo harusi ya mdogo wangu wa kike ilitaka kuvunjika. Mchumba wake, kijana wa Mwera kando ya mto, alikuja kutusaidia kuipaka nyumba chokaa. Ami, ndugu wa marehemu baba na ndiye walii wa kumwoza bibi harusi, aliingia chooni baada yake akaona damu juu ya chokaa mbichi.

"Ana ugonjwa wa malaya!" alinguruma. "Simwozi!"

Mdogo wangu alijifungia chumbani akilia. Mchumba alisimama uani, brashi mkononi, hajui amekosa nini.

"Ami, mbona nnakojoa hivi tangu mdogo? Kwetu mtoto wa kiume akitoa damu wazee hufurahi, husema anakua."

"Na uwongo juu yake!"

Nilimwomba Ami asubiri mpaka adhuhuri, kwa sababu nilishuku kichocho, na mayai ya minyoo yake hutoka kwa wingi jua likiwa utosini. Mchumba aliniletea mkojo wake ndani ya gilasi. Nikauacha utuame, nikachukua tone la chini, nikaliweka chini ya hadubini.

"Mkojo najisi, nami nna udhu," alisema Ami.

"Kuangalia hakutengui udhu, Ami."

Akainama. Aliliona yai, na mwiba nchani mwake. Nikaongeza maji ya kisima, tukangoja juani. Alipoinama tena, yai lilipasuka, kikatoka kidudu kikiogelea.

"Subhanallah! Ki hai!"

"Hicho humtafuta konokono mtoni. Kwa konokono hutoka vingine, vikampenya ngozi anayeoga. Huyu kaambukizwa na mto, si na mwanamke."

Kisha nikamwekea kioo nilichokuja nacho kutoka chuoni, chenye minyoo miwili iliyokaushwa. Nilimweleza jinsi inavyokwenda. Dume amejikunja kama mfereji, jike amelala ndani yake. Dume ana vinyonyeo viwili: huung'ang'ania ukuta wa mshipa kwa kimoja, hujivuta, hushika kwa cha pili. Damu inamsukuma huku, yeye anaukwea mkondo kule, mkewe kambeba, mpaka mishipa ya kibofu. Hapo jike hutaga, na miba ya mayai huchana, ndiyo damu ile.

"Kambeba safari nzima?" aliuliza Ami.

"Naam. Na mara chache huachana."

Mkewe Ami, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, akadakia: "Sikia hayo! Na wewe hata kapu la sokoni hunibebei."

Uani kulilipuka kicheko. Hata Ami alicheka, na nilijua nimeshinda.

Mchumba alipigwa sindano za mshipa hospitali, akatapika, akakohoa, akavumilia mpaka zikaisha. Nilipoupima mkojo wake tena, Ami alinisukuma kando awe wa kwanza kuchungulia. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Hamna mtu humu," alisema. "Mwiteni kadhi."

Siku ya nikaha aliwaeleza wageni wote habari za minyoo inayopanda mkondo wa damu, akiwaigizia kwa mikono miwili, kama aliyeivumbua yeye. Nilikaa ubavuni pake nikimsahihisha, na kila nilipomsahihisha aliwaonyesha diploma yangu ukutani.