Mwenyeji wa Waliofia Kitandani

Mama mdogo alikuwa na uso wa watu wawili. Upande wa kulia alibaki yule msichana aliyewasumbua vijana wa Unyambwa nzima. Upande wa kushoto ukoma ulikuwa umelegeza jicho na kuvuta mdomo chini, na mkono wa upande huo haukuwa na vidole vya kuhesabu. Ukikaa kulia kwake ungedhani amekuja kambini kumsalimia mgonjwa. Mwenyewe alipenda kuwaketisha wageni kushoto. "Waanze na ukweli," alikuwa akisema. "Uzuri wataukuta mbele."

Ilikuwa kambi ya misheni, upande wa Iramba, enzi za Mwingereza. Mimi nilikuwa nimeolewa, nimeachika, na sikuwa na hamu ya kuolewa tena, basi nikachukuliwa pale kufua bandeji na kutafsiri. Nilikulia mjini Singida katikati ya maduka, Kiswahili nilikijua sawa na Kinyaturu. Aliyenichukua ni muuguzi Mzungu tuliyemwita Bibi, mwanamke mrefu kutoka nchi za baridi za kaskazini, ambaye Kiswahili chake alikipata kitabuni. Wengi walimwogopa. Mimi nilimpenda, kwa sababu aliosha vidonda kwa mikono yake mwenyewe na hakukunja uso.

Kulikuwa na jambo lililomuuma mama mdogo kuliko vidonda. Kwetu, mtu akifa kwa ukoma halii mtu. Wazee walisema kilio kinauita ugonjwa urudi kwenye ukoo. Marehemu anafukiwa kimya, mbali na boma, na watu wanarudi kukamua ng'ombe. Mama mdogo hakuogopa kufa, aliogopa kimya hicho. Na aliyemfikiria hasa ni kaka yake, mjomba wangu, mkuu wa ukoo, mtu wa kuishika mila kwa meno. Ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto, na ndiye aliyemtoa bomani alipougua.

"Nataka kaka anililie," aliniambia nikimfunga bandeji. "Hata kidogo. Hata akisingizia moshi."

Alasiri moja wanawake walikuwa wametumbukiza miguu kwenye beseni za maji ya dawa. Mmoja akamuuliza Bibi: kabla Kitabu cha Mungu hakijafika kwenu, wafu wenu walikuwa wanakwenda wapi? Bibi angeweza kulikwepa swali hilo, lakini hakuwa mtu wa kukwepa. Akavuta kiti, akaanza, nami nikatafsiri.

Alisema mababu zake waliamini kwamba aliyekufa vitani alipokewa juu na mungu mkuu, akala nyama na kunywa pombe. Aliyekufa kwa maradhi au uzee alishuka chini, kwa mwanamke aitwaye Hel. Nusu ya mwili wa Hel ilikuwa hai kama yetu, nusu ilikuwa na rangi ya maiti. Miungu walipomwona hivyo walimtupa huko chini kwenye ukungu na baridi, wakamwambia wote wanaofia kitandani watakuwa wageni wake.

Kisha mama mdogo akasema, "Kumbe naye alipelekwa kambini."

Wanawake walicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. Maswali yakamiminika. Ana nyumba? Anayo, kubwa, yenye ukuta mrefu. Anakula nini? Bibi akasema sahani yake inaitwa Njaa, na kitanda chake kinaitwa Ugonjwa.

"Huyo ni wa Singida," akasema mmoja. "Sahani hiyo tumeilia sote."

"Wageni wake anawatesa?" mama mdogo akauliza.

"Anawapa mahali pa kukaa," Bibi akajibu.

Akatusimulia kwamba hata kijana wa miungu, aliyependwa na wote, alipokufa alishukia kwa Hel, akakuta kiti kimetandikwa na pombe imepikwa. Miungu wakaja kumwomba arudishwe. Hel akasema sawa, kila kilichopo duniani kikimlilia, nitamrudisha. Vikalia vyote, mpaka miti na mawe. Mwanamke mmoja tu, pangoni, akakataa kulia. Kijana akabaki.

Asubuhi yake Bibi alikuta uji wa uwele umemwagwa kizingitini. Wanawake walikuwa wameelewa kuwa Hel ni marehemu wa ukoo wa Bibi, bibi yake mzaa bibi labda, na kwamba kumtaja kwa kirefu vile bila kumpa kitu ni utovu wa adabu. Wakampa Bibi pole, mmoja mmoja. Bibi akawa mwekundu. Akaniagiza niwaambie kwamba ni hadithi tu ya wapagani, na mwanamke huyo hayupo. Niliwaambia, ingawa kwa shingo upande.

"Mwambie hatumwabudu," mama mdogo akanijibu. "Tunamkaribisha tu. Mtu atakayetupokea kesho, leo tumnyime uji?"

Bibi alikuwa ameshika ndoo na ufagio. Aliutazama ule uji, akamtazama mama mdogo, kisha akaenda kufagia upande mwingine. Siku ile nilimheshimu kuliko Jumapili zote alizotuhubiria.

Mimi nimebatizwa, na nitazikwa Kikristo. Lakini nimesikia wengi wakisema juu ya kifo, na karibu wote wanaweka sharti mlangoni: uwe shujaa, uwe safi, uwe na watoto wa kukutambikia. Yule wa kaskazini hakumuuliza mtu kitu. Walimtupa kwa sababu ya mwili wake, naye pale alipotupwa akatandika viti. Sijui kama yupo. Najua wanawake wasiothubutu kujitazama majini walianza kuketi wakiwa wamenyoosha shingo, na jambo hilo nalistaajabia mpaka leo.

Mama mdogo aliitumia hadithi ile kwa namna yake. "Kaka hatalia," aliniambia. "Basi, vizuri. Mmoja lazima asilie, nisije nikarudishwa. Nitakaa kwa mwenzangu." Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa unacheka. Jicho la kushoto lilitoa machozi, lakini jicho lile lilitoa machozi siku zote.

Alishikwa na homa wakati wa masika. Tulimtumia mjomba habari kwa dereva wa lori, naye akafika siku ile ile dada yake alipokata roho. Tulimzika nyuma ya shamba la mtama la kambi. Udongo ulipoanza kuingia, wanawake wakaangua kilio. Mjomba akainua fimbo.

"Nyamazeni! Mnataka kuurudisha ugonjwa kwenye ukoo wangu?"

"Ukoo wako ulikuwa wapi?" mmoja akamjibu, na wakazidi kulia. Mimi nililia, Bibi akalia kwenye leso yake. Mjomba peke yake alisimama na macho makavu.

Wanawake walipoondoka nilimpelekea maji ya kunawa. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umelia kama mtu asiyejua mila."

Hasira ilinipanda. Nikamweleza habari za Hel kwa kifupi, na sharti lake, na maneno ya dada yake: kwamba kaka hatalia, na ni vizuri, kwa sababu mmoja lazima asilie ili yeye asirudishwe. Nilitaka yamchome.

Akanawa taratibu. "Mwanamke huyo alisema wote?"

"Wote, mjomba."

"Na leo wamelia wote."

"Umebaki wewe."

Mjomba akalaza fimbo chini, akachuchumaa kwenye ule udongo mbichi, akalia kwa sauti, huku akimwita dada yake kwa jina la utoto na kumwambia atoke, waende nyumbani.