Tulivyomwongezea Mama Adam

Miguu ya Lusia ilianza kuvimba mwaka wa tisa wa kupika machimboni, na mimi niliyemfahamu tangu mwaka wa kwanza nasema ilichelewa. Miguu ya mtu mwingine ingegoma mapema. Aliamka saa kumi alfajiri akachemsha chai ya manyoka, ndio hao vijana wanaoshuka kwenye mashimo yanayoitwa maduara kutafuta dhahabu. Akitoka hapo anasonga ugali wa mchana, anaosha sahani, anaanza maharage ya jioni. Kigoda alikuwa nacho, lakini kilikaliwa na ndoo ya maji. Mwenyewe sikumwona akikikalia.

Tulimwita Mama Adam. Kwao ni Tinde. Huku Geita alimfuata mume, mume akafariki, akabaki na masufuria. Adam ameshaoa, yuko Mwanza na maisha yake. Miaka kumi na minne Mama Adam alilisha wanaume wanaomsifia maharage na kumsahau wakipata mawe mazuri. Sikuwahi kumsikia akitamani nyumba ya vigae au mazulia. Alitaka mashine ya kusaga. Aiweke uani kwake Tinde, watu walete mahindi yao, yeye akae. Neno hilo, kukaa, alilitamka kama mgonjwa anayetaja uji.

Mashine mpya hakuiweza. Basi siku moja akaja kula kwake kijana anaitwa Donatus, karani wa dalali wa Kahama, mmoja wa hawa wanaonadi mali za watu. Mama Adam akamwekea nyama bila kuulizwa, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, mama," Donatus akasema, akijua kuna jambo.

"Marahaba. Hivi mwanangu, mnadani mtu kama mimi ananunuaje?"

Donatus alikula huku anafundisha. "Tangazo likitoka, usikimbilie bei. Nenda siku moja kabla, waambie waiwashe uisikie. Mnadani hakuna kurudisha, mama. Nyundo ikishagonga ni yako na ubovu wake. Siku yenyewe unajiandikisha, unapewa namba. Usiwe wa kwanza kutaja bei. Simama dalali anapokuona, na ukitaka kupanda unainua namba yako, basi. Mwenzako usimwangalie usoni."

"Na nikiogopa?"

"Woga ni mzuri. Kibaya ni ushindani. Kabla hujatoka nyumbani jiwekee bei ya mwisho. Ikipita hapo, tia mikono mfukoni."

"Sina mfuko."

"Basi ifunge kwenye khanga."

Yote hayo aliyashika kama sala. Alichokosea, na hapa nitasema hata kama atanuna, ni kuyashika peke yake. Sisi hakutuambia chochote.

Mwaka jana, mwezi wa sita, tangazo likatoka. Kikundi cha wakulima wa tumbaku kule Ushetu kilikuwa kimevunjika, wanauza mali zao, na mashine ya kusaga ya dizeli imo. Mama Adam alikuwa na milioni mbili na laki moja, jasho la miaka yote hiyo. Akazigawa akilini. Mashine isizidi milioni moja na laki saba. Zile laki nne zinazobaki ni za lori la kuifikisha Tinde, saruji ya kuisimamishia na fundi wa kuifunga.

Alikuwa na hakika kiasi kwamba aliaga. Sufuria kubwa akanipa mimi, birika akampa Eunice, mwenzetu wa jumuiya, ambaye anauza vitenge. Mimi nauza maji kwa madumu. Tukasema hatuwezi kumwacha aende peke yake, tutamsindikiza. Tulifika siku moja kabla. Mashine ikawashwa, Mama Adam akainamisha sikio, akashika mkanda, akachungulia kinu, akauliza kwa nini chekeche limetoboka. Nilimwona mtu mwingine kabisa. Nilijivuna kuwa rafiki yake.

Sasa lazima nieleze mnada wetu wa kigangoni, maana bila hilo mtaniona mchawi. Baada ya misa ya mavuno watu huleta kuku, mahindi, mihogo, katekista anavinadi. Mama Adam akitaja elfu tano kwa kuku, mimi naweza kusimama nikasema, "Namwongezea Mama Adam elfu mbili." Hiyo elfu mbili ni yangu. Naitoa mimi, inawekwa juu ya ile ya kwake, kanisa linapata saba, na kuku anakuwa wa Mama Adam. Ni heshima. Anayeongezewa hufunika uso kwa khanga, anasema jamani acheni, na sisi tunazidi kuongeza. Fedha tunalipa tukishavuna, na haijatokea mtu wa jumuiya yetu kutaja akaacha kulipa. Mimi sikuwa nimeona mnada mwingine maishani mwangu zaidi ya huo.

Siku ya mnada watu walijaa mbele ya ghala. Mama Adam alipewa namba kumi na tisa kwenye kadi. Alisimama mbele kidogo, pembeni, palepale Donatus aliposema. Mashine ikaanzia milioni moja. Akanyamaza. Wakapanda wawili watatu, akanyamaza bado. Ilipofika moja na nusu akainua kadi kwa mara ya kwanza, taratibu, kama anapunga nzi. Akabaki yeye na bwana mmoja wa Songwa mwenye kofia. Bwana akasema moja na laki sita. Mama Adam akainua kadi, ikawa moja na laki saba, ile bei yake ya mwisho. Yule bwana akatikisa kichwa, akageuka kutafuta kivuli.

"Milioni moja na laki saba, mara ya kwanza," dalali akasema.

Moyo ulinijaa. Nilimwona mwenzangu anapata, na mimi nimesimama mikono mitupu kama mgeni. Nikamshika mkono wenye kadi, nikauinua juu.

"Tunamwongezea Mama Adam laki moja!" nikasema.

"Na mimi laki!" akasema Eunice nyuma yangu.

Mama Adam alivuta mkono chini. Nikajua ndiyo ile haya ya kuongezewa, nikaushikilia. Alisema, "Jamani acheni," na mimi nikacheka.

Dalali alitutazama, kisha akatazama kadi. Biashara ni biashara. "Namba kumi na tisa, milioni moja na laki tisa," akasema.

Hapo yule wa Songwa akageuka. Baadaye Donatus alitueleza alichokiwaza: wanawake wanaojipandishia wenyewe wanajua kitu kuhusu mashine hii ambacho yeye hakijui. Akarudi mbele, akasema, "Milioni mbili."

Mama Adam alikuwa ameshautoa mkono wake kwangu. Aliitazama mashine. Akaitazama miguu yake, ile miguu iliyojaa kwenye kandambili mpaka vidole vimebanana. Bei yake ya mwisho ilikuwa imepitwa kwa laki tatu, na alichokuwa nacho duniani kilibaki laki moja juu ya pale. Nilimwona akikunja khanga kwenye ngumi, kama alivyofundishwa. Kisha akaikunjua, akainua kadi mwenyewe.

Nyundo ikagonga kwa milioni mbili na laki moja.

Nilipiga vigelegele. Mungu anisamehe, nilipiga vigelegele peke yangu uwanja mzima.

Alilipa zote dirishani. Akapewa risiti na siku kumi na nne za kuja kuihamisha mashine yake, la sivyo angetozwa ada ya kuiweka ghalani. Ndipo akatueleza, bila kupandisha sauti, tulichokifanya. Kwamba tulichotaja kilikuwa bei, na bei hiyo ameilipa yeye. Kwamba fedha ya lori imekwisha.

"Lakini laki yangu nitakupa," nikasema. "Nikivuna mpunga."

"Mpunga wako unavunwa lini, Mama Nelly?"

Tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza kuvuna. Njia nzima ya kurudi hakutusemesha, na nilimkasirikia kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujikasirikia mimi. Kwa nini hakutufundisha? Angetwambia tu, nyie wanawake, kule mtu hufunga mdomo. Eunice alilia mpaka Kahama. Mimi sikulia, nilichoka tu, uchovu wa kutamani gari lisifike.

Tulipofika, Mama Adam alikuja mlangoni kwangu na mfuko wake wa safari ungali begani.

"Naomba unirudishie sufuria," akasema. "Nitapika tena mpaka nipate ya lori. Sijui kama nitaipata kabla ya siku zao."

Aliomba. Sufuria aliyoinunua mwenyewe, aliyoipikia miaka kumi na minne, aliniomba mimi. Nikamwambia kesho.

Kesho yake, saa kumi ya alfajiri, nilibeba sufuria kichwani hadi kwenye kibanda chake. Eunice alikuwa ameshafika na birika, anapuliza moto, macho mekundu kwa moshi. Laki hatukuwa nazo. Tulichokuwa nacho ni mikono, na deni tulilolitaja mbele ya watu kwa jina lake. Madumu yangu nilimwachia jirani, vitenge vya Eunice vikabaki kwenye mfuko.

Mama Adam akaja anaburuza kandambili. Nikaitoa ndoo ya maji kwenye kigoda, nikakifuta kwa khanga.

"Kaa," nikamwambia.

"Mama Nelly, mimi..."

"Kaa. Hizi siku kumi na nne ni zetu."

Akakaa. Magoti yake yalilia kama mlango mbovu. Manyoka walipofika waliuliza kulikoni chai ina moshi, yeye akawaambia wanywe wakashuke. Ugali wa mchana niliusonga mimi, na hata leo mabega yakikumbuka yanauma. Alikuwa ameubeba huo mwiko kila siku, na mimi nilikuwa naleta maji tu, napiga soga na kuondoka. Niliona aibu kuliko ile ya mnadani.

Jioni nilionja maharage, nikachukua kopo la chumvi. Sauti ikatoka kwenye kigoda, imechoka, ya chini.

"Mama Nelly. Wabeja, asante. Lakini nakuomba, usiongeze tena kitu."

Eunice aliangua kicheko mpaka akaweka birika chini. Mimi nililia, kopo mkononi, na Mama Adam hakuinuka kunibembeleza. Alinyoosha miguu yake mbele ya moto, akaiacha hapo.