Kinywa cha Mgono kwenye Bomba la Bahari

Aliyebuni kinywa cha bomba lile ni mke wangu, na ndiye mhusika pekee. Naliandika hili wazi kwa kuwa mchoro rasmi wa bomba unasema vinginevyo.

Binti yetu ni mhandisi. Alikuja nyumbani Kyerwa na bomba la kuchukulia tope la sakafu ya bahari kuu: lina uzito kichwani, hudondoshwa, hujichoma chini, kisha huvutwa juu na tope lake, tabaka kwa tabaka kama lilivyolala. Kabla ya kulipakia melini alitaka kulijaribu katika ziwa letu. Mimi, mtumishi wa umma mstaafu, nilijiteua kuwa mtunza kumbukumbu.

Jaribio la kwanza, tukiwa kwenye mtumbwi: tupu. La pili: tupu. La tano, tope lilichungulia juu ya maji, likaporomoka lote kwenye suruali yangu.

"Mzee, na hilo liandike," mke wangu alisema.

Kisha akaingiza kidole katika kinywa cha bomba, akabonyeza vibati vya kuzuia tope lisitoke. "Mwanangu, mlango huu mgumu. Tope laini litausukuma kwa nguvu zipi?"

Mke wangu alikulia kando ya mto Kagera, akisuka migono, mitego ya kunasia samaki, pamoja na baba yake. Alikata dumu kuukuu vipande vyembamba, akavipanga kinywani mahali pa vibati, ncha zikielekea ndani, vikubali kitu kuingia na kukikatalia kutoka.

"Mama, huo si mgono?"

"Na tope ni nini? Samaki mvivu!"

Jaribio la sita, bomba likapanda limejaa tope: jeusi, kijivu, jekundu, bila kumong'onyoka. Vigelegele vikapigwa, vingine vyangu, nikasahau cheo changu cha zamani. Mtumbwi ukayumba, tukashikana, tukazidi kucheka. Hadi leo nikifungua ukurasa ule wa daftari wenye alama za vidole vya tope, nacheka peke yangu.

Lakini mchoro umeletwa. Penye "Mbunifu" pana jina moja tu, la binti.

"Baba, kisanduku chenyewe ni kidogo," alijitetea kwa simu.

"Punguza herufi."

"Mwache mtoto," mke wangu akadakia, akiendelea kumenya ndizi.

Simwachi. Namtaka mhandisi husika anieleze kwa maandishi, ndani ya siku kumi na nne, ni kwa idhini ya nani jina la mbunifu wa kinywa limeachwa, na aambatishe mchoro uliosahihishwa. Nakala: mama yake.