Diski ya Mjakaranda

Harufu ya vanishi hunifuata hadi leo. Ndiyo iliyokuwa harufu ya baba, mchonga vinyago kutoka Ukambani, aliyefanyia kazi nyuma ya chumba chetu katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben. Nilipoingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya mapadri, mwalimu mkuu alimwomba achonge kibao cha mviringo chenye tundu la kamba. Baba hakuuliza ni cha nini. Alichagua mjakaranda, akachonga msalaba katikati, akakipiga msasa mpaka kikateleza kama sabuni, kisha akawatangazia majirani kwamba wanafunzi wa mapadri watavaa kazi yake. Alidhani ni nishani.

Sisi tuliiita diski. Aliyenaswa akisema Sheng ya mitaani au lugha ya kwao badala ya Kiingereza alivishwa, akakaa nayo shingoni mpaka amnase mwenzake. Shule ile ilitufundisha kusikiliza, hilo silikani. Tulinyemeleana hata vyooni. "Mwacha mila ni mtumwa," tuliandika katika somo la Kiswahili. Asiyeiacha alichapwa.

Siku ya wazazi, yule ambaye kengele ingemkuta na diski angechapwa mbele ya wageni wote. Asubuhi hiyo alikuwa nayo Njoroge, kijana wa Kware aliyelala kitanda cha juu yangu, naye alinifuata tangu misa hadi langoni. Baba akaingia amevaa suti ya kuazima. "Wakya?" akanisalimu, kama alivyonisalimu kila asubuhi ya maisha yangu. Mtoto wa Kikamba hujibu "Aa," basi. Nikajibu. Ilikuwa pumzi tu, lakini Njoroge akanivisha palepale, na kengele ikalia. Hapo hakuwa tena na la kuogopa, akaninong'oneza kwa Sheng: "Pole buda, hata mathe yangu ako hapa." Hakutaka mama yake amwone akichapwa.

Nikapandishwa jukwaani. Baba alipoiona kazi yake kifuani mwangu alisimama akapiga makofi, peke yake. "Hiyo ni mimi nilichonga!" akawaambia waliokaa karibu. "Na huyo ni kijana yangu!" Kiboko cha kwanza kilinishukia kabla hajaketi. Watu walicheka. Niliwachukia, na ninawachukia bado. Baadaye mwalimu mkuu alitangaza kosa langu, kusema Kikamba, kisha akamshukuru baba kwenye kipaza sauti kwa mchango wake katika malezi ya vijana. Mchimba kisima huingia mwenyewe, husemwa. Baba alichimba bila kujua, nikaingia mimi.

Siku hizi wavulana wa shule ile hutoka langoni wakipiga Sheng, na walimu wao huwajibu kwa Sheng. Diski sijui ilitupwa wapi. Baba amezeeka, anaishi nasi mtaani Pipeline, na tangu siku ile hajanisalimu tena kwa Kikamba. Kila asubuhi nampelekea chai kitandani na kumsalimu kwa lugha yetu. Nimemwambia mara nyingi kwamba hakuna anayetusikiliza. Yeye hutazama mlango kwanza, kisha hunijibu polepole, kwa adabu: "Gudi moning, mai son."