Kibuyu cha Wangeci

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka minane, baba yangu alikufa na taabu ikaanza siku hiyo hiyo. Tulikaa chumba kimoja River Road, Nairobi, nyuma ya duka la vyuma, na hata leo nikisikia harufu ya misumari mipya na grisi, njaa inanishika. Mama alifua mashuka ya lojingi, nyumba ya wageni ya jirani, na kuyaanika kwenye paa. Paa hilo nililipenda, kwa sababu asubuhi mbingu ikiwa safi Mlima Kenya ulionekana, mdogo, mweupe kileleni, na babu alikuwa ameahidi kunipeleka huko.

Ukame ulikuwa mbaya. Wazee wa kwetu walitaka kupanda mlimani kumwomba Mungu mvua, na desturi yetu ni kwamba mbele yao hutembea mvulana na msichana wadogo. Msichana hubeba kibuyu cha maziwa, na maziwa hayatakiwi kumwagika. Babu alikuwa amenitaja mimi. Nilifanya mazoezi na mkebe wa maji kati ya mashuka ya watu, mpaka nikaweza kuzunguka paa lote bila kumwaga tone. Kisha baba akafa, na babu alipokuja hakukubali hata kuketi.

"Huyu ana kifo nyumbani," akamwambia mama. "Hawezi kubeba maziwa."

"Baba, ni mtoto tu. Amejitayarisha."

"Nitamchukua Wangeci."

Wangeci ni binti wa ndugu wa baba, na huyo ndugu alikuwa mpishi wa matajiri Parklands. Wangeci alikuwa na viatu, alikuwa na baba, na sasa akapewa mlima wangu. Hakuwa amefanya mazoezi hata siku moja. Nilimwombea ajikwae.

Hakujikwaa. Mvua ilinyesha, mama akakosa pa kuanika, tukalala na mashuka mabichi ya wageni juu ya vichwa vyetu. Wangeci alirudi na kibuyu, amepewa kiwe chake. Nikamuuliza kama aliniona nikimpungia mkono pale paani.

"Nairobi yenyewe haionekani," akasema. "Ukiwa kule juu hakuna River Road, Njoki. Kuna wingu tu."

Maneno hayo yalinichoma kuliko njaa. Niliacha shule darasa la tatu nikaanza kuuza misumari, na baadaye, nilipopata pesa, kila nilipojenga nilitaka kitu ambacho mtu akiwa popote atakiona. Miaka michache iliyopita nililipa gari na mtu wa kuniongoza, nikapanda mpaka pale mianzi inapoishia, magoti yakakataa. Nikageuka kutafuta Nairobi. Wingu tu. Nilikasirika sana, kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa nimejiambia kwamba Wangeci alinidanganya.

Sasa Wangeci ni mpangaji wangu. Nimemwomba mara nyingi aniuzie kile kibuyu.

"Una magorofa, Njoki. Kibuyu cha nini?"

"Wewe unakifanyia nini?"

"Nakitazama."

Leo nina duka la vyuma River Road, lile lile lililokuwa mbele ya chumba chetu. Nina lori moja. Nina ploti ya kujenga Hurlingham. Nina nyumba za kupangisha Kangemi, jengo la ghorofa nne. Kibuyu kiko ghorofa ya tatu, ukutani kwa Wangeci, kimening'inia kwenye msumari wa duka langu.