Suti ya Papa kwenye Tope la Escaut

Baba yangu, jina lake Waziri Kabemba, alizaliwa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, na mpaka anafikisha miaka thelathini na mbili hakuwahi kuona maji yakiondoka mahali pake na kurudi. Ziwa lile lina mawimbi na lina upepo wa kuzamisha mitumbwi, lakini ukifunga chombo chako asubuhi, jioni unakikuta pale pale ulipokiacha. Ndiyo maana siku yake ya kwanza ya kazi kwenye mto Escaut nusura azamishe meli ya watu.

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka 2001. Papa, ndivyo tulivyomwita, alikuwa ameshakaa Brussels miaka miwili akisafisha ofisi, na kazi hiyo haikumpendeza hata kidogo. Mtu mmoja wa parokia akampeleka bandarini, kwenye mfereji, kwa Mfleming, Mbelgiji msema Kiflemi, aitwaye Staf. Staf alikuwa na péniche, yaani meli ndefu ya chuma inayobeba mchanga na kokoto, na alikuwa anatafuta mtu asiyeogopa maji. Papa akasema yeye ni mtoto wa ziwa. Staf akamchukua siku ileile.

Mfereji wa Brussels umetulia kama maji ya ndoo. Lakini ukishuka nao mpaka mwisho, ukapita lango kubwa la maji, unatokea kwenye Escaut, na Escaut hupanda na kushuka pamoja na bahari. Hilo Papa hakulijua. Walifika gatini maji yakiwa yamejaa, Staf akamwambia afunge kamba, naye akazifunga kwa nguvu zake zote, fupi na za kukaza, ili bosi mpya aone kazi. Kisha wakaingia ndani kula, maana nje kulikuwa na barafu. Baada ya muda uma wa Staf ukaanza kuteleza mezani wenyewe. Halafu sahani. Walipotoka nje, maji yalikuwa yameshuka mita mbili na meli imelala upande, inaning'inia kwenye zile kamba. Staf alichukua shoka akakata. Meli ikaanguka majini kwa kishindo, na Papa akakaa kitako kwenye sitaha akingoja kufukuzwa.

Staf alisimama na shoka lake mkononi, uso mwekundu, mpaka pumzi zikamrudia.

"Waziri," akasema kwa Kifaransa chake kibovu, "hapa maji yanashuka mita tano, mara mbili kila siku. Yanashuka hata wewe ukiwa unakula."

Papa alirudi nyumbani kwetu Berchem-Sainte-Agathe, pembeni mwa Brussels, na habari hiyo. Mimi Tatiana nilikuwa na miaka saba, nakumbuka mazungumzo yao jikoni.

"Bibiane," alimwambia mama, "maji ya kule inaenda, kisha inarudia."

"Inaenda wapi?"

"Ku mer, ku bahari."

"Na nani njo anairudisha?"

"Mwezi."

Mama alimtazama. "Waziri, ulikunywa nini?"

Kilichomsumbua zaidi Papa ni kwamba hakuwa na maneno ya jambo lile. Kiswahili cha Kalemie hakiyahitaji. Alikuwa anasema tu "maji inapanda" na "maji inashuka" na haikumtosha. Siku moja, akiwa Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, kumchukua mama kwenye saluni yake, aliingia duka la vitenge la Mzee Burhani, mtu wa Tanga, akamweleza. Burhani alifurahi kama aliyeulizwa habari za kwao. Akampa maneno yote bila bei: maji kujaa, maji kupwa, bamvua wakati wa mwezi mkubwa na mwezi mwandamo, maji mafu katikati. Papa aliyaandika nyuma ya risiti. Tangu hapo nyumbani kwetu, ghorofa ya nne, ambako mto wa karibu zaidi umefunikwa na barabara, watu walikuwa wanaishi kwa kupwa na kujaa. Kwenye friji palibandikwa karatasi ya saa za maji, juu ya kalenda ya parokia. Mama alipotaka kujua kama Jumapili mume wake atakula nyumbani, hakumuuliza, alisoma friji.

Miaka ikapita hivyo. Papa alikuwa baba wa msimu wa baridi: ndiyo sura yake ninayoipenda zaidi. Alirudi akinuka dizeli, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, vidole vimepasuka kwa maji na chumvi waliyomwaga sitahani kuyeyusha barafu. Mama alimkalisha kwenye kochi, akampaka siagi ya karité, mafuta ya kulainisha ngozi, kidole kimoja kimoja, akimgombeza, naye akitueleza ukungu ulivyokuwa mzito hata hakuiona pua ya meli yake mwenyewe. Mimi na mdogo wangu Océane tulivuta soksi zake zilizolowa, mmoja mguu huu, mwingine mguu ule.

Sasa niseme habari ya harusi ya Océane.

Harusi ilipangwa Jumamosi ya mwezi wa kwanza, miaka miwili iliyopita: saa tano na nusu kwenye ofisi ya komyuni, yaani serikali ya mtaa, kisha kanisani saa nane. Papa alikuwa na safari moja tu wiki ile, ya kurudi Alhamisi. Jumatatu asubuhi mama alimkuta mlangoni akiondoka, akampa mfuko mrefu wa nguo.

"Iko nini?"

"Costume yako. Na viatu. Kama muto yako inakushika kule, utakuya ku mariage na ovaroli?"

"Bibiane, jeudi niko hapa."

"Bon. Beba tu."

Alhamisi dhoruba ikaja kutoka kaskazini-magharibi. Upepo wa upande huo husukuma bahari ndani ya mto, na ukikutana na maji yanayojaa, mto haujui tena pa kusimama. Ijumaa maji yalipanda hadi kwenye vichwa vya matuta, kuta za udongo zinazouzuia mto. Meli zilizuiwa kusafiri, treni nazo zikasimama. Papa na Staf walikuwa wamefunga chombo karibu na mji wa Temse, wakikesha kwa zamu kulegeza kamba na kuzikaza. Alitupigia simu, sauti yake ikikatikakatika kwa upepo.

"Océane, mama yangu, usilie. Kesho tonton Doudou atanichukua na voiture, na gari yake. Saa tatu ya asubuhi niko tayari, niko propre, niko na cravate ku shingo."

Na kweli. Jumamosi upepo ulikuwa umekufa, mbingu safi, baridi kali ya kuuma masikio. Maji yaliyokuwa yamejaa kupita kiasi yalikuwa yamekupwa vilevile kupita kiasi, mto umebaki mwembamba katikati ya tope linalong'aa. Papa alinyoa, akavaa suti ya kijivu, akapanda juu ya tuta kumngojea baba mdogo Doudou. Staf akampigia mluzi kutoka sitahani.

Ndipo akasikia mbwa anabweka, halafu sauti ya mtu.

Kama hatua mia mbili kutoka pale, mwanamke mzee alikuwa amesimama katikati ya tope, chini kabisa, karibu na maji. Mbwa wake mdogo alikuwa amekimbilia bata, naye akashuka kumfuata. Mbwa ni mwepesi, alikuwa ameshatoka. Yeye alikuwa amezama mpaka mapajani, na kila akijaribu kuinua mguu mmoja, mwingine unazidi kwenda chini. Jina lake Annemie, mwalimu mstaafu, miaka sabini na mitatu. Hayo tulikuja kuyajua baadaye.

Papa aliutazama mto kwanza. Kijiti kilichokuwa kikielea ukingoni hakikuwa tena kinakwenda baharini. Kilikuwa kinarudi.

"Staf!" alipiga kelele. "Ngazi! Na mbao! Maji yamegeuka!"

Staf alipiga simu ya dharura huku anakimbia na ngazi ya alumini mgongoni. Wazima moto wakajibu wanakuja, lakini barabara ya tuta ilikuwa imezibwa na miti iliyoanguka, wawape nusu saa. Papa hakusubiri. Akalaza ngazi juu ya tope, akapanga mbao mbele yake, akalala kifudifudi na suti yake, akaanza kujivuta. Staf ni mtu wa kilo mia moja na kumi, alibaki nyuma ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa Papa.

Alipomfikia, Annemie alikuwa hawezi kusema sawasawa kwa baridi, midomo imekuwa ya samawati. Akamwambia kwa Kiflemi, "Bwana, utachafua nguo zako."

"Zimeshachafuka, madame," Papa akajibu kwa maneno machache ya Kiflemi aliyonayo. "Lala juu ya ubao. Kama unalala kitandani. Usivute miguu, nitaivuta mimi."

Alichimba kwa mikono. Tope la Escaut ni la kunata, ukitoa kiganja kimoja, viganja viwili vinarudi. Akagundua kwamba viatu virefu vya mpira vya Annemie ndivyo vinavyomshika, basi akapitisha mkono kando ya mguu, akaingiza hewa, akautoa mguu na kukiacha kiatu kule kule. Wakati huo maji yalikuwa yameshafika. Yalikuja polepole tu, bila sauti, yakaingia chini ya mbao, yakamlowesha Papa kifua, yakamfikia Annemie kiunoni. Mguu wa pili ulikuwa chini ya maji sasa, Papa anafanya kazi bila kuona, shavu lake juu ya ubao, anahema. Annemie akaanza kusali. Papa akasali naye, kila mtu kwa lugha yake, na mkono wake haukuacha kuchimba.

Mguu ulitoka ghafla. Staf aliona wote wawili wamelala juu ya mbao, akavuta ile kamba kama anavuta nanga. Wazima moto walifika wakati Papa na Annemie wanapandishwa tuta, wakawafunika kwa mablanketi ya kung'aa. Na nyuma ya gari la wazima moto, gari lake likiwa limekwama kwenye miti ileile, baba mdogo Doudou alikuwa anakuja kwa miguu, na koti lake la sherehe, anaita, "Waziri! Waziri, tumechelewa!" Kisha akamwona.

Walitaka kumpeleka hospitali pamoja na Annemie. Papa alikataa kwa adabu, mara tatu. Daktari wa gari la wagonjwa alimpima, akamlazimisha anywe chai ya sukari na kukaa kwenye joto mpaka mwili uache kutetemeka. Mzima moto mmoja akampa sweta ya buluu ya kazini na suruali iliyomfikia juu ya vifundo vya miguu.

Sisi tulikuwa ndani ya ofisi ya komyuni. Saa tano na nusu ikapita. Mama alikuwa anatazama mlango, mdomo ameubana. Mama wa komyuni, ofisa wa kufungisha ndoa, amevaa utepe wake begani, alisema kwa upole kwamba harusi nyingine inasubiri. Océane akasema, "Dakika tano, tafadhali." Zilipita sita. Ofisa akaanza kusoma sheria za ndoa, na alikuwa kwenye kifungu cha pili mlango ulipofunguka.

Papa aliingia akiburuta miguu, maana viatu vya kuazima vilikuwa vikubwa. Tope kavu lilikuwa masikioni na kwenye nyusi. Watu wote waligeuka. Océane alicheka na kulia kwa pamoja, akaacha mkono wa mchumba wake, akaenda kumkumbatia, gauni jeupe na yote, tope likabaki kwenye bega la gauni mpaka jioni, na picha zote zinalionyesha.

Mama hakusogea. Alingoja Papa akae karibu naye.

"Costume iko wapi?" akanong'ona.

"Bibiane, nitakuelezea."

"Iko wapi, Waziri?"

"Iko ndani ya sac poubelle, mufuko ya takataka, ku voiture ya Doudou."

Baba mdogo Doudou aliinama upande wa pili, akamweleza kwa maneno kumi. Mama alisikiliza huku anatazama mbele. Halafu akachukua mkono wa Papa, uliokuwa bado baridi kama samaki, akauingiza chini ya kitenge chake, kwenye mapaja, akaukandamiza hapo kwa mikono yote miwili mpaka sheria zikaisha kusomwa.

Baada ya Pasaka, Annemie alikuja Berchem kutusalimia. Alipanda treni na tramu na mbwa wake, akaleta keki aliyooka mwenyewe, na mama akampikia sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukausha. Hawana lugha moja ya kutosha, wale wawili, lakini walikaa mezani kwa saa tatu nzima wakioneshana picha za wajukuu na watoto. Papa alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa bado havina hisia, vilichukua hadi kiangazi kurudi.

Jioni nilimsindikiza Annemie kituoni, nikarudi nikamkuta Papa ameamka. Nikamuuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemuuliza. Uliogopa?

Akajiinua, akaketi vizuri kwenye kochi.

"Niliogopa, mutoto yangu. Wakati maji ilifika ku kiuno yake, nilianza kujiuliza: kama inafika ku kifua, nitaachilia ule mama, ao hapana? Océane ananingoya. Mama yako ananingoya. Nilijiuliza, na nilikuwa ninachimba. Sikupata jibu. Mpaka leo sina. Mguu ilitoka mbele ya jibu, Dieu merci."

Akajikuna nyusi.

"Alors," akasema, "ile keki iliisha?"