Ng'ombe wa Mdogo Wangu

Nilipoajiriwa kuwa ofisa kilimo Bariadi, watu wa benki walinifikia kabla sijapewa meza. Walikuja na fomu za mkopo wa watumishi, na kabla mwezi haujaisha wenzangu wote niliopangiwa kazi nao walikuwa wamesaini. Mmoja alinunua pikipiki, mwingine kiwanja. Mimi nilikataa. Mkopo wa serikali ulionisomesha chuo tayari ulikuwa unakatwa kwenye mshahara, na nilijua nikiongeza wa benki nitafungwa pale miaka mingi. Nilitaka kurudi Morogoro kusoma shahada ya pili, kisha niombe kazi popote nitakapo. Nilipanga chumba kimoja, nikala dagaa, nikaweka akiba. Moyoni nilijiona nina akili kuwashinda wote.

Lakini lilikuwepo deni ambalo sikulisaini popote. Ule mkopo wa serikali haukuwahi kutosha ada yote. Nilipokuwa mwaka wa pili, mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, aliolewa Ngulyati. Mahari yake ilikuwa ng'ombe kumi na wanne. Baba yetu, mkulima wa Nkololo ambaye pamba ilikuwa imemtupa misimu miwili mfululizo, aliwapeleka mnadani wengi wao ili mimi nisirudishwe nyumbani. Waliobaki walikufa kiangazi. Harusini sikwenda, nilikuwa na mitihani. Nilimpigia baba simu kumshukuru. Mdogo wangu sikumpigia.

Jumamosi moja asubuhi, mwaka wangu wa pili kazini, alikuja chumbani kwangu, mtoto mgongoni, mkono wa kushoto umefungwa kwa kipande cha kanga. Sikuhitaji kuuliza ni nani aliyemuumiza. Aliniambia amekwisha kwenda kwa baba kuomba arudi nyumbani, na baba amemjibu kwamba hawezi kumpokea bila kurudisha mahari, na zizi ni tupu.

"Dada," akasema, "nimekuja kuomba ng'ombe wangu."

Nilimweleza habari za makato. Nilimwambia nikichukua mkopo mwingine mshahara hautabaki kitu. Nilimwambia kuhusu chuo, kwamba barua ya kukubaliwa imeshafika, kwamba nikimaliza nitakuwa na uwezo wa kuwarudisha hata mara mbili. Maneno yote yalikuwa ya kweli. Sikumwambia kwamba akiba iliyokuwa benki ingetosha kuanza kurudisha.

"Nivumilie miaka miwili tu," nikasema.

Hakulia wala hakunilaumu. Aliosha vyombo vyangu kwa mkono mmoja, akapika mchana, tukala, akaniaga. Nilimpa nauli ya kurudia. Mpaka leo nikiikumbuka nauli ile naona aibu kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kumfanyia mtu.

Nilikwenda Morogoro, nikasoma, nikafaulu. Niliporudi nilipewa meza ileile na kazi ileile. Niliomba kazi Dodoma, Arusha na Dar es Salaam. Mara mbili niliitwa kwenye usaili, na mara zote mbili niliambiwa nisubiri kupigiwa simu. Baada ya mwaka mmoja wa kusubiri, nilikwenda mwenyewe benki nikasaini ile fomu niliyoikataa.

Nikapanda pikipiki mpaka Ngulyati. Mume hakuwepo. Mdogo wangu alikuwa anaanika mpunga, na watoto sasa walikuwa watatu. Nilimwambia hela ya ng'ombe ipo, kesho baba anaweza kwenda kuwarudishia wakwe, naye afungashe.

Aliendelea kusambaza mpunga kwa mguu, taratibu.

"Ulipaswa kuja nikiwa na mmoja," akasema. "Huyo ningembeba mgongoni nikaondoka. Sasa nikiondoka, hawa wanabaki kwa baba yao. Nani atawapikia?"

Nilimwambia tunaweza kwenda ustawi wa jamii, tunaweza kwenda mahakamani. Akanijibu kwamba hizo ni njia za watu waliosoma. Hakulisema kwa kejeli, na hilo ndilo lililoniuma.

Zile hela hakuzitaka. Alisema nimpe baba, kwa kuwa ndiye aliyebaki na zizi tupu. Nikampa. Baba alinunua ng'ombe, na majirani wa Nkololo wakaja kumpongeza kwa kuzaa mtoto anayekumbuka nyumbani. Mama alipika wali. Nilikaa pale nikipokea sifa, nikala.

Sasa mshahara wangu unakatwa na serikali, unakatwa na benki, na utaendelea kukatwa miaka mitano ijayo. Siombi tena kazi mahali pengine. Msimu wa pamba kazi hunipeleka Ngulyati kukagua mashamba, na shamba la shemeji yangu limo kwenye orodha. Mdogo wangu hutoka na kiti, hukifuta vumbi kwa kanga, hupiga goti kidogo kunisalimia kama anavyosalimia wageni wa serikali. Mbele ya mumewe haniiti dada. Ananiita ofisa.